Soga Haibebwi

Bibi yangu mzaa mama alikuwa msusi wa ukili, ule utepe wa ukindu unaoshonwa kuwa mkeka, katika mji wa Pangani, pale mto wenye jina hilo unapoingia baharini, na katika maneno yote ya Kiswahili niliyojifunza kwake, soga ndilo pekee aliloketi chini makusudi akanifundisha maana yake. Mengine niliyaokota mwenyewe kama watoto wote wanavyookota maneno. Hilo moja alinifundisha kwa sababu nilikuwa nimelivunja, na aibu ya kulivunja kwangu ilimwangukia yeye.

Nyumba yake ilikuwa na baraza mbele, lile la kuketi, refu kama upana wa nyumba, lililosiribwa kwa saruji na kung'arishwa na makalio ya vizazi vitatu. Baada ya sala ya alasiri wanawake wanne au watano wa mtaani walikuja na ukindu wao. Ukindu huo ulikuwa umekwisha kuanikwa juani mpaka ukawa mweupe, ukachanwa vipande vyembamba, na baadhi yake ukachemshwa na rangi ya zambarau au ya kijani. Kila mmoja alikuwa na mzingo wake wa ukili mapajani, unaokua taratibu, ambao baadaye ungepimwa kwa pima na kushonwa mkeka. Mtu aliyeizoea kazi ya ukili haitazami mikono yake, kwa kuwa vidole vinajua vyenyewe kipande gani kinapita juu na kipi kinapita chini. Macho yanabaki bure, mdomo unabaki bure, na saa mbili za mchana wa joto zinahitaji kujazwa na kitu. Kitu hicho kilikuwa soga.

Nilikaa ngazini nikiwasikiliza. Walisema mvua za vuli zimechelewa. Walisema mbuzi wa mtu fulani amekula kanga iliyoanikwa uani, na wakabishana muda mrefu ikiwa ni kanga ile ya rangi ya machungwa au ile nyingine. Mmoja akisimulia, wengine walimsukuma mbele kwa maneno mafupi, "Ehee," "Kisha?" "Wacha weye!" na hakuna aliyetaka kufika mwisho wa habari yoyote, kwa sababu mwisho ungelazimisha kuanza nyingine. Mtoto aliyezoea shule, ambako kila swali lina jibu lake nyuma ya kitabu, angedhani wanawake hawa wanapoteza muda. Mimi nilidhani wanatoa habari, na kudhani huko ndiko kulikoniponza.

Siku moja jirani mmoja alisema, katikati ya mambo mengine, kwamba kijana aliyemposa binti wa nyumba ya tatu ameomba siku ya harusi isogezwe, kwa kuwa hajauza mashua yake. Hakuna aliyelitilia neno hilo uzito. Bibi alisema, "Mungu atamfungulia," na soga ikaendelea kwenye bei ya ukindu. Kesho yake asubuhi nilikwenda kisimani, na nikiwa nimesimama na ndoo yangu miongoni mwa wasichana walionizidi umri, nikitamani mara moja tu wanisikilize, nikalitoa. Sikutia chumvi. Nakumbuka vizuri kwamba sikutia chumvi, na kwa miaka mingi nilijitetea moyoni kwa jambo hilo.

Lakini kila mdomo baada ya wangu ulikuwa na chumvi yake. Kufika Ijumaa, mji ulikuwa unasema kwamba posa imevunjika na kwamba upande wa mume unadai mahari irudishwe. Jumamosi, baada ya alasiri, wanawake saba wa upande wa binti walikuja kwa Bibi wakiwa wamejifunga kanga viunoni, wakasimama mbele ya baraza bila kuketi. Hawakupiga kelele. Walikuja kusuta, na kusuta kwa watu wa zamani kulikuwa na utaratibu: unaulizwa umelisikia kwa nani, unamtaja, naye anaulizwa, mpaka mnyororo ufike kwenye pete yake ya kwanza. Walikuwa wamekwisha kupita nyumba nne kabla ya kufika kwetu. "Neno hili limetoka barazani kwako," akasema mkubwa wao. Bibi aliwatazama wenzake mmoja mmoja, kila mmoja akaapa kwamba hakulitoa nje, na hapo ndipo macho yake yakashuka ngazini nilipokuwa nimeketi.

Hakunipiga. Aliomba radhi kwa niaba yangu, mwanamke wa umri wake, akiwa amesimama mbele ya watu aliowazidi umri, na kuona vile kuliniuma kuliko fimbo. Usiku, baada ya chakula, aliniita nikakaa karibu na taa.

"Mjukuu wangu," akasema, "unajua tulichokuwa tunafanya pale?"

Nikasema walikuwa wanazungumza.

"Tulikuwa tunapiga soga. Soga huachwa pale pale ilipokaliwa. Ukiondoka, unaondoka na ukili wako. Soga unaiacha barazani. Ukiibeba ukaipeleka kisimani, si soga tena. Umekuwa umbea, hata kama hukuongeza neno."

Kwa hiyo utetezi wangu wa chumvi haukuwa na maana. Kosa halikuwa katika neno, lilikuwa katika miguu.

Nimelitafakari somo hilo la usiku mmoja kwa muda mrefu, na kadiri ninavyosikiliza watu wakisema, ninaona kwamba lugha yenyewe inalishuhudia. Tunapiga soga *na* mtu. Kitenzi hakikai bila mwenzako, na anayesemwa hana nafasi ndani yake. Umbea, kwa upande mwingine, una njia nzima ya kusafiri: kuna anayeuchukua, anayeupeleka, anayeuleta. Tofauti hiyo hiyo imo katika kitenzi cha kawaida kabisa, kusema. Kusema na mtu ni jambo la heri. Kumsema mtu ni jambo jingine, na kinachobadilika ni kiambishi kidogo kinachomgeuza aliyekuwa mwenzako katika mazungumzo kuwa kitu kinachozungumzwa. Watu wa pwani husema pia kwamba fulani "analiwa nyama" pale asipokuwapo. Mwalimu wetu wa chuoni alitueleza kwamba usemi huo umetoka katika Kurani, Sura ya Al-Hujurat, aya ya 12, ambamo kumsengenya mtu kumefananishwa na kula nyama ya ndugu aliyekufa. Sikuweza kula samaki usiku ule wa somo lake.

Kamusi zetu hulieleza neno soga kwa ufupi, kwamba ni mazungumzo ya kupitisha wakati, na mara nyingi huweka neno porojo jirani yake kana kwamba ni pacha. Sipingi, wapo watu wengi, hasa upande wa Kenya, wanaosema kupiga porojo kwa upole uleule ambao sisi tunasema kupiga soga. Hata hivyo, yatieni maneno hayo mawili katika sentensi za kila siku mtaona yanaachana. Tunasema "acha porojo" tunapomkemea mtu, lakini "acha soga" ni nadra kusikika. Mgombea akiahidi daraja na miaka mitano ikapita, watu husema zile zilikuwa porojo, wala hakuna atakayesema zilikuwa soga. Nadhani sababu ni kwamba porojo ni maneno yaliyovaa nguo za maneno mazito, yakakutwa hayana kitu ndani, wakati soga haikuwahi kudai uzito wowote, na kwa hiyo haiwezi kukutwa tupu. Ndiyo maana tunapoulizwa tulikuwa tunafanya nini, tunajibu, "Tulikuwa tunapiga soga tu." Ile "tu" haikosekani, na ndiyo inayotangaza kwamba hakuna aliyedai chochote.

Vijana wana maneno yao, nami siyadharau. Udaku umeipa jina aina nzima ya magazeti Tanzania. Ubuyu, ambao sisi tuliujua kama mbegu za mbuyu zilizopakwa sukari na rangi nyekundu, zinazomung'unywa polepole mpaka vidole vinakuwa vyekundu, siku hizi ni jina la habari za siri za watu, na ninakiri kwamba mfano huo umechaguliwa vizuri: utamu uko juu, ndani ni kokwa, na rangi inakusaliti. Gumzo lenyewe limeelekea kuwa jina la kile kinachosemwa na wengi, kama tunavyosema harusi ile ilikuwa gumzo la mji. Soga haijawahi kuwa na mji mzima. Inatosha na baraza moja.

Na neno baraza ndilo lililonipeleka kwenye kosa langu la pili, ambalo nililifanya nikiwa mtu mzima mwenye mshahara.

Mwaka 2006 nilikuwa katibu wa baraza la kata. Mabaraza haya yaliundwa kwa sheria ya mwaka 1985 ili watu wasuluhishwe karibu na nyumbani kwao, na wakati ule, kwa sheria ya mwaka 2002, yalikuwa na uwezo pia wa kuamua migogoro ya ardhi isiyozidi thamani ya shilingi milioni tatu, yakiwa na wajumbe wasiopungua wanne na wasiozidi wanane, watatu kati yao wanawake. Kazi ya kuamua ilikuwa ya wajumbe. Mimi nilikuwa naandika. Nilijivunia mwandiko wangu, na nilijivunia zaidi ufupi wangu, kwa kuwa nilikuwa nimesoma mahali fulani kwamba kumbukumbu nzuri ni ile isiyo na neno la ziada.

Lilikuja shauri la mpaka wa shamba. Watoto wa marehemu wawili, ambao katika uhai wao walikuwa marafiki, walikuwa wanagombea kipande chenye minazi kumi na kitu. Upande mmoja ulimleta shahidi, mzee aliyetembea kwa mkongojo, ambaye aliwasalimia wajumbe wote, akaulizwa mpaka uko wapi, na akaanza na punda. Alieleza kwamba baba wa mdai alikuwa na punda mmoja mkaidi, mweupe tumboni, na kwamba kila Ijumaa alipokuja kunywa kahawa kwa rafiki yake alimfunga punda huyo kwenye mkwaju. Akaeleza kahawa ilivyokuwa chungu. Akaeleza kashata alizotengeneza mke wa mwenyeji wao, na watu wa miaka ile ya kuhamia vijijini, na mchezo wa bao ambao marehemu mmoja hakuwahi kushinda hata mara moja. Wajumbe walitabasamu. Mimi niliweka kalamu chini. Alipomaliza, nikaandika mstari mmoja: "Shahidi alieleza mengi yasiyohusiana na shauri." Nakumbuka kwamba mjumbe mmoja aliponiuliza kama nimeandika yote, nilimjibu kwamba nyingine zilikuwa porojo.

Baraza liliamua mpaka uko kwenye mkwaju. Wajumbe walikuwa wamemsikia mzee, na walikuwa wameelewa kitu ambacho mimi, niliyekuwa nimeweka kalamu chini, sikukielewa. Upande ulioshindwa ukakata rufaa katika baraza la ardhi na nyumba la wilaya, na kule hakuna aliyemsikia mzee. Walikuwa na karatasi zangu tu. Karatasi hazikuonyesha uamuzi umetoka wapi. Shauri likarudishwa lisikilizwe upya, na katika miezi iliyopita kati ya mara ya kwanza na ya pili, mzee alipatwa na kiharusi, akabaki na nusu ya mwili na bila ya kauli.

Mjumbe mmoja mwanamke, mkulima, ndiye aliyenieleza, bila hasira, tukiwa tumekaa nje tukisubiri wengine. "Katibu," akasema, "yule mzee alisema kwamba punda alikuwa anafungwa upande wa huku wa mkwaju, kwa sababu akifungwa upande wa pili anakula muhogo wa mwenyeji, na mwenye punda alikuwa anajua. Sasa mtu akimfunga punda wake asile muhogo wa mwenzake, si amekubali kwamba muhogo ule ni wa mwenzake?"

Ulikuwa ushahidi bora kuliko wote uliotolewa siku ile. Mwenye shamba wa upande wa pili, akiwa hai, kila Ijumaa kwa miaka, alikuwa ameukiri mpaka kwa kamba ya punda. Mzee hakujua kuusema kwa namna nyingine, kwa kuwa hakuujua kama mpaka. Aliujua kama kahawa na punda na rafiki aliyeshindwa bao. Watu wa kizazi chake hawakuwa na hati, na mengi waliyoyajua kuhusu ardhi waliyaweka ndani ya soga, ambamo yalikaa salama miaka thelathini, mpaka yalipofika mbele ya katibu mwenye haraka.

Nililia siku ile nyumbani. Nilikuwa nimejifunza kwa Bibi kwamba soga haibebwi, na nikadhani maana yake ni kwamba haina mzigo. Sivyo alivyosema. Kinachoachwa barazani si lazima kiwe takataka. Hata mkeka huachwa barazani. Tangu hapo, mpaka nilipoacha kazi ile, niliandika mashahidi kama walivyosema, pamoja na punda wao, na mikono yangu iliuma. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yameyaachia mabaraza ya kata kazi ya kusuluhisha tu katika mambo ya ardhi, na kwa upande huo nina furaha, kwa maana msuluhishi anayejua kusikiliza soga ana silaha ambayo hakimu mwenye saa mkononi hana.

Leo soga nyingi ziko katika simu. Programu kadhaa zimechukua neno soga au gumzo kuwa jina la mazungumzo ya maandishi, na sioni vibaya, kwa kuwa ndugu zangu walioko Muscat na mimi niliye Tanga tusingekuwa na baraza jingine. Ninachokiogopa ni kile alichokiogopa Bibi. Soga iliyoandikwa imekwisha kupewa miguu kabla mtu hajainuka. Dada mmoja katika kundi la familia yetu alilalamika jioni moja kuhusu wifi yake, maneno ya uchovu wa siku, ya kusahauliwa asubuhi. Mtu akayapiga picha, na kufika usiku wifi alikuwa ameyasoma yote, pamoja na saa yalipoandikwa. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamgusa anayesambaza taarifa za uongo. Haya hayakuwa uongo. Hakuna sheria iliyovunjwa, na ndugu wawili hawakusemezana kwa mwaka mzima. Kwa sababu hiyo mimi husubiri. Nikiwa na jambo la kusema kwa ajili ya kulisema tu, nampigia mtu simu, au nakwenda kwake.

Na kuna mahali ambapo kwenda ndiko kila kitu. Baba alifariki mwaka 2013, na Mama akakaa eda ya miezi minne na siku kumi katika nyumba yetu ya Tanga. Siku za kwanza watu walikuja na maneno ya pole, ya dini, ya subira, maneno ya kweli yote, na Mama aliyapokea kwa kichwa na hakujibu. Hakuwa akila vizuri. Alikaa juu ya mkeka akiutazama ukuta, nasi watoto wake tulizungumza kwa sauti ya chini kana kwamba kuna mgonjwa.

Siku ya tisa akaja mwanamke kutoka Pangani, mtoto wa mmoja wa wale waliokuwa wakikaa barazani kwa Bibi, amebeba furushi la ukindu kichwani. Alimpa Mama pole kwa maneno mawili, akaketi, akafungua furushi, akamwekea Mama sehemu yake mapajani bila kumuuliza, na akaanza kusuka. Mama akatazama ukindu. Baada ya muda vidole vyake vikaanza.

Yaliyosemwa katika chumba kile kwa miezi iliyofuata ni mengi, na yanahusu watu ambao wengine wangali hai, nami nimeyaacha palepale. Hili moja nalitoa kwa kuwa mwenyewe alinipa ruhusa ya kulisimulia. Mgeni wetu alisema kwamba alikuwa anavuka na kivuko kwenda Bweni akiwa na mbuzi wa kuuza, na kivuko kilipofika katikati ya mto mbuzi akakata kamba, akaruka majini. Watu wakapiga kelele. Mama alikuwa bado ameinamisha kichwa. Mgeni akasema mbuzi yule hakuzama. Aliogelea, pembe zikionekana juu ya maji, akielekea Bweni kama abiria aliyekwisha kulipa nauli. Akanyamaza kidogo ili anyooshe kipande cha ukindu kilichojikunja.

"Kisha?" Mama akauliza.